Thaimu Moja, Mafuta Sita: Somo kwa Kamati Zinazofikiria Mradi wa Mafuta ya Kunukia



Katika somo la robo hii tumechagua mmea mdogo ambao wengi wetu tunaufahamu kupitia jikoni za hoteli tu, nao ni thaimu. Tumeuchagua kwa sababu maandiko ya miradi ya mafuta ya kunukia yanaendelea kuletwa mezani, na thaimu ni miongoni mwa mimea inayotajwa humo. Tunaandika kwa ajili ya pande mbili: kamati ya parokia inayopaswa kulipitisha au kulikataa andiko la kikundi, na mfadhili anayeombwa kulipia mtambo. Pande zote mbili huanza kwa kuuliza kama soko lipo. Kwa maoni yetu swali hilo linakuja mapema mno. Linalotangulia ni hili: mafuta ya thaimu ipi?

Swali hilo linaweza kuonekana la ajabu. Mtu akisema mafuta ya alizeti hatumuulizi ni alizeti ipi. Lakini mashina mawili ya thaimu yanayoota hatua tatu kutoka jingine, yenye majani yanayofanana na maua yanayofanana, yanaweza kutoa mafuta mawili yasiyofanana hata kidogo kwa harufu, kwa matumizi wala kwa bei.

Mafuta haya ni nini

Kwanza tusafishe jina. Wako wanaoyaita "mafuta muhimu". Tafsiri hiyo inapotosha, kwa kuwa jina lenyewe halikutokana na umuhimu bali na kiini cha harufu ya mmea. Sisi tutayaita mafuta ya kunukia. Hayafanani na mafuta ya kupikia. Ukidondosha tone kwenye karatasi, litaruka hewani baada ya muda na kuacha doa dogo au lisibaki doa kabisa.

Thaimu ni kichaka kifupi cha ukoo mmoja na mrehani, nanaa na rosemari. Majani yake yanakaribia ukubwa wa punje ya mchele. Spishi zake duniani ni zaidi ya 200, na ile inayolimwa zaidi, Thymus vulgaris, asili yake ni magharibi mwa Mediterania: Hispania, kusini mwa Ufaransa na Italia. Waarabu wana neno zaatar, lakini neno hilo hukusanya mimea kadhaa, si huu peke yake. Kwetu Afrika Mashariki thaimu haioti porini. Kenya hulimwa kama kiungo na kusafirishwa Ulaya ikiwa mbichi, biashara ambayo ni tofauti kabisa na ya mafuta.

Juu ya kila jani kuna vifuko vidogo sana vilivyojaa mafuta. Kuyatoa, majani huwekwa katika pipa na mvuke hupitishwa ndani yake. Mvuke hupasua vifuko na kubeba mafuta. Ukipita kwenye bomba lililozungukwa na maji baridi unageuka tena kuwa maji, na mafuta huelea juu yake. Kazi hii huitwa kukeneka. Wale waliowahi kuona gongo ikipikwa watauelewa mtambo huu haraka kuliko ambavyo tungependa. Mfano halali ni kiwanda cha makonyo cha Wawi, Pemba, ambako vikonyo vya karafuu hukenekwa kwa njia hiyo hiyo.

Hapa kamati ichukue kalamu. Kitabu cha viwango vya dawa cha Ulaya kinataka kilo moja ya thaimu kavu itoe angalau mililita 12 za mafuta. Kwa kiwango hicho, kilo 100 za majani makavu zinatoa lita moja na mililita 200. Karibu theluthi mbili ya uzito wa majani mabichi ni maji, hivyo kilo 100 kavu zinatokana na kilo 250 hadi 300 za mabichi. Zote hizo zimevunwa kwa mkono, na kuni na maji ya kupoozea bado hatujahesabu. Andiko linaloahidi lita nyingi kutoka robo eka lisomwe mara mbili.

Mafuta sita ya Montpellier

Sehemu iliyochunguzwa kuliko zote kwa habari hii ni vilima vya mawe ya chokaa vilivyo kaskazini mwa mji wa Montpellier, kusini mwa Ufaransa. Huko thaimu huota yenyewe, kama majani ya malisho yanavyoota kwetu. Mwaka 1973 watafiti wawili wa mji huo, Granger na Passet, walichapisha maelezo ya mimea ya porini waliyoipima na kuonyesha kwamba spishi hiyo moja ina aina kadhaa za kikemia. Leo aina zinazotambuliwa katika eneo hilo ni sita, na kila moja huitwa kwa kiungo kinachotawala mafuta yake: geranioli, alfa-terpineoli, thuyanoli, linaluli, kavakroli na thaimoli.

Geranioli inakumbusha waridi. Linaluli ni laini, na mtu aliyezoea harufu ya lavenda au ya giligilani ataitambua. Kavakroli ndiyo harufu ya oregano. Thaimoli ndiyo ile kali inayofanana na dawa ya kusukutua mdomo, nayo ndiyo ambayo watu wengi wanaifikiri wanaposema thaimu.

Thaimoli na kavakroli zinastahili maelezo ya ziada. Zote mbili zina kaboni 10, hidrojeni 14 na oksijeni moja. Ukihesabu atomi tu huwezi kuzitofautisha. Kinachozitenganisha ni mahali ambapo ile oksijeni imeshikizwa kwenye pete ya kaboni, kama nyumba mbili zilizojengwa kwa tofali na mabati sawasawa ila mlango wa moja uko upande mwingine. Hata hivyo thaimoli safi ni fuwele nyeupe ambazo huyeyuka karibu na nyuzijoto 50, na kavakroli ni kimiminika. Zote mbili ni fenoli, kundi moja na yujenoli ya karafuu, na fenoli ndizo zinazounguza ulimi. Aina nne nyingine hazina ukali huo.

Kwa nini mmea mmoja ujigawe hivyo? Jibu la kwanza liko katika urithi. Watafiti wa Ufaransa, Vernet na wenzake, walionyesha katika miaka ya 1980 kwamba aina hizi zinafuatana kwa mamlaka, kama foleni. Jeni ya geranioli ikiwepo, inawafunika wengine wote walio nyuma yake. Isipokuwepo, alfa-terpineoli hutawala; kisha thuyanoli, kisha linaluli, kisha kavakroli. Thaimoli iko mwisho wa foleni, na hujitokeza pale tu ambapo wote waliotangulia hawapo.

Matokeo yake shambani ni makubwa. Shina la geranioli linaweza kuwa limeficha ndani yake aina nyingine kadhaa, na mbegu zake zikapandwa zikatoa mchanganyiko. Nyuki hawaulizi chavua wanayobeba imetoka shina gani. Kwa hiyo mkulima anayetaka linaluli au geranioli ya uhakika hapandi mbegu. Anachukua vipandikizi kutoka shina mama lililopimwa na kuvikuza kitaluni. Kikundi kikitaka thaimoli hali ni nafuu zaidi, kwa sababu mashina mawili ya thaimoli yakichavushana wenyewe kwa wenyewe huzaa thaimoli.

Bonde la baridi

Jibu la pili liko katika hali ya hewa, na ndilo lililotuvutia kuliko yote. Karibu na Montpellier kuna bonde la Saint-Martin-de-Londres. (Londres hii si London, ni kijiji cha mashambani.) Usiku wa majira ya baridi hewa baridi, ambayo ni nzito, hutiririka kutoka vilimani na kutuama bondeni kama maji katika sufuria. Wakulima wa chai wa nyanda za juu za Kenya wanaifahamu tabia hiyo, kwani jalidi ya alfajiri huunguza mashamba ya mabondeni kabla ya yale ya mteremkoni.

Ndani ya bonde hilo watafiti walikuta aina zisizo za fenoli zikitawala, na juu kwenye miteremko inayolizunguka wakakuta thaimoli na kavakroli. Katika umbali mfupi wa kutembea kwa miguu aina moja inaiachia nyingine nafasi. Ilithibitishwa kwamba mimea ya fenoli inadhurika zaidi na baridi kali ya mwanzo wa majira ya baridi, wakati ile isiyo ya fenoli inavumilia. Kwenye mawe makavu yenye jua kali la kiangazi mambo hugeuka, na fenoli hufanya vizuri zaidi. Wanyama nao wana mchango wao. Majaribio ya kuwalisha konokono na wanyama wengine yalionyesha kwamba hakuna aina moja inayowafukuza maadui wote. Kila moja ina anayeipenda na anayeikwepa.

Kisha likaja jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Takribani miaka 40 baada ya upimaji wa kwanza, John Thompson na wenzake walirudi katika maeneo yale yale ambayo sampuli zake zilichukuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2013. Aina za fenoli zilikuwa zimeingia mahali ambapo zamani hazikuwepo, na katika miaka hiyo baridi kali za majira ya baridi zilikuwa zimepungua. Mmea haukusubiri mikutano ya kimataifa ya tabianchi. Ulianza kubadilisha mafuta yake katika muda unaotosha mtu kuzaliwa na kupata wajukuu.

Kwa kamati zetu habari hii ina uzito wa kawaida kabisa. Miche iliyotoka sehemu moja ikipandwa sehemu nyingine yenye jua, mvua na baridi tofauti, mafuta yake hayatakuwa yale yaliyoandikwa kwenye pakiti kwa kiasi kile kile. Aina ya kikemia ni ya urithi, lakini wingi wa mafuta na uwiano wa viungo hubadilika kwa majira na kwa umri wa mmea. Ndiyo maana kwa kawaida thaimu ya mafuta huvunwa wakati wa kuchanua.

Matumizi, na historia ya safura

Thaimoli ilitengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1719 na mkemia wa Ujerumani, Caspar Neumann. Leo iko katika dawa za kusukutua mdomo. Listerine, kwa mfano, ina asilimia 0.064 ya thaimoli. Wafugaji wa nyuki wa Ulaya huiweka ndani ya mizinga kuua utitiri aitwaye varoa. Utitiri huyo aligunduliwa Kenya na Tanzania mwaka 2009, lakini nyuki wetu wa Kiafrika wameonekana kumvumilia bila dawa. Hivyo kikundi kinachoandika kwamba kitauza thaimoli kwa wafugaji wa nyuki wa hapa hakijafanya utafiti wake.

Matumizi yaliyotugusa zaidi ni yale ya safura. Karibu mwaka 1880 wachimbaji wa njia ya reli chini ya mlima Gotthard, Uswisi, walikuwa wakidhoofika kwa upungufu wa damu, na minyoo ya safura ikabainika ndiyo chanzo. Daktari wa Italia, Camillo Bozzolo, alianza kuwatibu wagonjwa wa minyoo hiyo kwa thaimoli. Miaka 30 baadaye, kati ya 1909 na 1914, tume iliyofadhiliwa na John D. Rockefeller kwa dola milioni moja ilitumia dawa hiyo hiyo katika majimbo 11 ya kusini mwa Marekani, pamoja na chumvi ya kuharisha.

Tiba hiyo ilikuwa ngumu. Mgonjwa alikatazwa kabisa mafuta ya kula na pombe siku ya dawa, kwa kuwa vitu hivyo huyeyusha thaimoli na kuifanya iingie mwilini badala ya kubaki tumboni na kuua minyoo. Wasiofuata masharti waliweza kudhurika vibaya. Tume hiyo ilihimiza pia ujenzi wa vyoo, kwa sababu mtu aliyetibiwa leo akikanyaga kesho udongo uliochafuliwa huambukizwa upya. Baadaye dawa nyingine zilichukua nafasi yake. Leo safura inatibiwa kwa albendazole au mebendazole, vidonge ambavyo ni salama na rahisi zaidi, na hakuna sababu ya mtu yeyote kunywa mafuta ya thaimu kwa ajili ya minyoo.

Tunalisema hili wazi kwa sababu chupa ndogo za mafuta ya kunukia zinauzwa kwa maelezo yasiyo na mipaka. Ni kweli kwamba maabarani mafuta yenye thaimoli au kavakroli huharibu utando wa chembe za bakteria na kuvu wengi, hata kuwaua. Ni kweli pia kwamba Ulaya majani ya thaimu yanakubalika kama dawa ya asili ya kikohozi chenye makohozi kinachoambatana na mafua. Lakini sahani ya maabara si kifua cha mgonjwa, na majani ndani ya chai si sawa na mafuta yaliyokolezwa mara nyingi. Mafuta ya fenoli yakipakwa bila kuchanganywa huunguza ngozi. Mtoto asinyweshwe, wala mtoto mchanga asitiwe puani. Mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi apelekwe kituo cha afya akapimwe kifua kikuu, na kikundi chochote kinachopokea fedha kupitia parokia kisimuuzie mtu huyo chupa kikimwambia asubiri.

Mfano wa Ethiopia

Kwa wanaotaka kuona thaimu ya Afrika, waitazame Ethiopia. Milima yake ina spishi mbili za asili, Thymus schimperi na Thymus serrulatus, ambazo kwa Kiamhari huitwa tosign. Huota juu sana, kuanzia takribani mita 2,200. Watu huzitia katika chai na katika viungo vya chakula. Mafuta yake mengi yana thaimoli na kavakroli kwa wingi, lakini huko nako viungo vikuu hutofautiana kati ya eneo na eneo.

Tatizo la huko si mtambo. Thaimu hiyo huvunwa porini na kuuzwa sokoni, hasa upande wa Milima ya Bale. Mvunaji mwenye haraka hung'oa shina badala ya kukata matawi, na kichaka cha namna hii hakirudi upesi kwenye baridi ya mlimani. Soko likipanuka kabla ya vitalu kuwepo, anayelipa gharama ni mlima. Tungekuwa wafadhili, tungelipia vitalu na mafunzo ya kukata kwa mundu kabla ya kufikiria pipa la kukeneka.

Kuna jambo jingine la nyumbani. Mimea ya jamii ya mrehani inayoitwa kivumbasi sehemu nyingi za kwetu nayo ina aina za kikemia. Katika spishi ya Ocimum gratissimum kuna mimea yenye thaimoli na mingine yenye yujenoli. Kikundi kinachotaka kujifunza kukeneka kinaweza kuanza na mmea ambao tayari unaota kando ya ua, bila kuagiza mbegu kutoka nje.

Kabla ya kupitisha andiko

Mnunuzi wa mafuta haya hanunui kwa kunusa. Huomba karatasi ya kromatografia ya gesi, kipimo kinachotenganisha viungo na kutaja asilimia ya kila kimoja. Kwa thaimu ya dawa, kitabu cha Ulaya kinataka thaimoli na kavakroli kwa pamoja zisipungue asilimia 40 ya mafuta yaliyomo katika majani. Sababu ya ukali huo ni udanganyifu, kwani mafuta ya thaimu huongezewa para-simeni au thaimoli ya kiwandani. Thaimoli hiyo hutengenezwa kutokana na kemikali za petroli, na kikundi cha kijijini hakiwezi kushindana nayo kwa bei. Kinachoweza kushindania ni mafuta halisi ya aina iliyothibitishwa, na mara nyingi aina laini kama linaluli, ambazo hazipatikani kwa urahisi.

Kwa hiyo tunashauri kamati ikutane na kikundi na kuuliza haya kwa utulivu. Miche imetoka wapi, na ni ya mbegu au ya vipandikizi? Shina mama limepimwa na nani, na karatasi ya kipimo iko wapi? Nani ameahidi kununua, na ametaja aina gani ya kikemia? Kuni na maji ya mtambo yatatoka wapi wakati wa kiangazi, mwezi ambao kisima cha kijiji kina foleni? Kama mafuta hayatauzika, je, majani makavu yanaweza kuuzwa kama kiungo ili wakulima wasipoteze msimu wote?

Kikundi ambacho hakina karatasi ya kipimo kisinyimwe moja kwa moja. Kikusanye kilo chache za majani, kikeneke kwa chombo kidogo cha kuazima na kupeleka sampuli katika maabara ya chuo kikuu chenye kifaa hicho. Gharama ya kipimo ni ndogo ikilinganishwa na bei ya mtambo, na kwa maoni yetu ndiyo fedha ya kwanza ambayo mfadhili angepaswa kuombwa. Majibu yakirudi, andiko liandikwe upya kufuatana na kilichoonekana ndani ya chupa.